Jibu Lisilo na Ukurasa

Sheria ya ukurasa haikuwa yangu, na nilipoisikia mara ya kwanza niliicheka. Aliyeitunga ni Baba Swabra, yaani Uthmani, mzee anayeshona vitabu vyetu vilivyochanika kwa uzi wa viatu. Alisema hivi: mtu akituuliza jambo kwa simu, tumjibu kwa maneno machache, kisha tumwandikie jina la kitabu na namba ya ukurasa tulikolitoa jibu. Hakuna ukurasa, hakuna jibu. Nikamuuliza, mkulima aliyeko Gasorwe, huko Muyinga, mbali na rafu zetu, huo ukurasa atautafuna? Akanitazama juu ya miwani, akaendelea kushona.

Maktaba yetu iko Yoba, mjini Gitega, hapa Burundi, vyumba viwili nyuma ya duka la vitenge. Wanaoingia mlangoni kwa siku hawafiki ishirini. Lakini tangu tutangaze namba ya watsapu tunao wasomaji mia tatu na kitu, kuanzia Buraza hadi karibu na mpaka wa Tanzania, na wengi wao hawajawahi kuuona mlango wetu. Wanauliza. Mbuzi amevimba tumbo. Migomba inanyauka. Mtoto ana somo la jiografia na hana kitabu. Kazi yangu ni kufungua vitabu na kuwajibu. Naitwa Lucia, nina miaka thelathini na sita, na niseme mapema kwamba mimi ni mtu wa hasira za karibu na sipendi kukosolewa. Mtaona tabia hiyo ilinifikisha wapi.

Msomaji msumbufu kuliko wote alikuwa Imelda wa Gasorwe. Alikulia kambi ya wakimbizi Tanzania kama mimi, upande wa Kibondo, ingawa kule hatukujuana. Tulikuja kugundua kwenye simu. Mumewe yuko vibaruani, na yeye analima kilimani na watoto wawili, Simoni na Riziki. Mara moja nilimwandikia ukurasa wa arobaini na tatu badala ya thelathini na nne. Akaomba picha ya ukurasa. Nikampiga picha bila kutazama, nikatuma. Akajibu, "Hapa sioni mbuzi." Nilinuna siku nzima.

Nilipomuuliza kwa nini ananishuku kiasi hicho, alinitumia ujumbe wa sauti. "Dada Lucia, wala sikushuku. Kambini tuliishi kwa kipaza sauti. Leo kinasema mnarudi kwenu wiki ijayo, wiki ijayo kinasema hapana. Baba yangu aliuza kuku wake wote mara tatu kwa ajili ya kipaza sauti. Mimi sasa nataka mahali pa kuweka kidole." Tangu hapo nilimwandikia ukurasa hata kama ni swali la jina la mto.

Isipokuwa Jumanne moja ya Novemba.

Mvua ilikuwa imenyesha mfululizo. Saa mbili kasoro asubuhi nilikuwa nyumbani napiga mswaki, simu ya maktaba ikalia. Picha tatu kutoka kwa Imelda. Uyoga ndani ya ungo, vikofia vyeupe vya rangi ya maziwa, vingine bado vimejifunga ndani ya ganda lao, mviringo kama yai. Chini ameandika: "Dada, nimeuokota chini ya misonobari. Maharage hayajakomaa na ndani hamna kitu. Huu si ule wetu wa kambini? Naweza kuwapa watoto?"

Mayai ya msituni! Hivyo ndivyo tulivyouita sisi watoto. Mama yangu alikuwa akitoka alfajiri na kurudi na kanga imejaa, anaupika kwa chumvi na karanga, na siku hiyo nyumba yetu ya turubai ilinukia kama nyumba ya watu. Nilikuwa sijauona tangu turudi Burundi. Sikufikiri. Niliandika povu likiwa bado mdomoni: "Ndio wenyewe! Tuliula sana. Ondoa ganda, chemsha, wape watoto washibe." Mwishoni nikaweka kikatuni cha kicheko. Alama mbili zikageuka bluu papo hapo. Ameusoma. Nikasukutua, nikaenda kazini naimba.

Saa tano Uthmani akafungua daftari la majibu, kama afanyavyo kila siku, ananakili kutoka kwenye simu maswali, majibu na kurasa.

"Dada Lucia," akasema, "huyu wa Gasorwe, page iko wapi? Mi naona jibu, page haiko."

"Huo uyoga naujua mwenyewe, Baba Swabra. Nimeula miaka kumi."

"Uliula wa kule. Huu iko wa hapa. Mi siandiki mutu alikula, mi naandika page. We ulifungua kitabu ao hapana?"

Niliinuka nikasukuma kiti kikaanguka. Kitabu cha uyoga tunacho, cha Kifaransa, jalada la kijani, tuliachiwa na mwalimu aliyestaafu. Nilikitoa rafuni kwa nia ya kumtupia huyo mzee ukurasa wake usoni. Na niliupata: ukurasa wa mia moja na saba, mayai ya msituni yenyewe, na chini yake neno la Kifaransa la kusema unaliwa. Nikamsomea kwa sauti. Nikamwambia aandike. Kisha, sijui kwa nini, nikafunua.

Ukurasa wa mia moja na nane kulikuwa na uyoga mwingine. Ganda lile lile, weupe ule ule. Maandishi yake yalikuwa mekundu. Kitabu kilisema watu huuchanganya na ule wa nyuma yake. Kwamba ule unaoliwa una mistari myembamba pembeni mwa kofia na huota misitu ya miti ya kienyeji, na huu una ukingo laini, huota chini ya misonobari, na unaua.

Nilichukua simu, nikaikuza picha ya Imelda kwa vidole viwili. Ukingo ulikuwa laini kama sahani.

"Soma yote," Uthmani akasema taratibu. Nikasoma yote, na natamani nisingesoma. Kitabu kilisema aliyeula hahisi kitu mwanzoni. Anashiba, anacheza, analala vizuri. Maumivu huja baada ya saa nyingi, yanatulia hata watu wanashukuru Mungu, na wakati huo ini linakufa kimya kimya.

Nilimpigia Imelda. Simu imezimwa. Nikapiga tena. Nikaandika "USIULE, NI SUMU" kwa herufi kubwa, ikatokea alama moja tu, ya kijivu. Nikapiga mara tisa, mara kumi. Hakuna umeme kilimani kwao, simu huchajiwa sokoni kwa Nassoro, na ndiyo maana fomu yetu ya uanachama ina nafasi ya namba ya pili: namba ya mwenye chaji. Nikampigia Nassoro.

"Allo? Oui, telefoni ya Mama Simoni iko hapa. Iko ku chaji tangu asubui."

"Mwenyewe yuko wapi?"

"Alirudi kwake. Alisoma message yenu hapa mbele yangu, akanyamaza, akaniachia telefoni, akaenda."

"Alisema nini, kaka? Alisema nini akiondoka?"

"Alisema anaenda kupikia batoto."

Nikaketi chini, sakafuni. Nikamweleza Nassoro mbio mbio, maneno yakinigongana: uyoga, sumu, nimekosea, kimbia umwambie asiupike. Yeye akaanza kulalamika kwamba ana telefoni za watu ishirini na tatu, hawezi kuziacha, zikiibiwa atafungwa, na kutoka sokoni hadi kilimani ni saa nzima kwa miguu, na kule hakuna mtandao hata wa kubahatisha. Nikamfokea. Nikamwambia simu zinanunuliwa, watoto hawanunuliwi. Katikati ya maneno yangu laini ikakatika, na nilipompigia tena haikupita.

Uthmani alikuwa ameshatoka nje. Nilimsikia anamimina kwenye pikipiki ya maktaba petroli ile tuliyoipangia foleni siku mbili kwa ajili ya kupeleka vitabu Buraza. Nikabaki peke yangu na simu.

Hapa ndipo ninapoona aibu zaidi, kuliko hata lile jibu. Nilifungua mazungumzo yangu na Imelda. Maneno yangu yalikuwa pale, na kile kicheko nilichokiweka mwishoni. Wape watoto washibe. Nikaweka kidole juu yake mpaka yakatokea yale maneno: futa kwa wote. Nilijiambia naufuta ujumbe ili Imelda asije akaurudia na kuuamini. Uongo mtupu. Nilifuta kwa sababu niliwaona watu wa kilimani wamekaa nyumbani kwa msiba, simu inapita mkono kwa mkono, na jina la maktaba na langu viko juu yake. Nikabonyeza. Kisha nikakitia kitabu cha kijani kwenye mkoba na kutoka.

Njia ya Karuzi ni ndefu, na siku ile ilikataa kuisha. Mvua ilitupiga usoni kisha ikaacha, kisha ikarudi. Uthmani ana miaka sitini na miwili na huendesha taratibu, lakini siku ile aliendesha kwa namna ambayo mkewe angeilalamikia. Mimi nilihesabu saa. Ametoka sokoni saa mbili. Amefika saa tatu. Moto kuuwasha, maji kuchota. Watoto hutoka shule saa sita. Saa sita ilitupita tukiwa tunaingia Karuzi, na hapo barabara ikajaa watoto wa shule wanaorudi makwao, madaftari yamefunikwa na mifuko ya plastiki, wanacheka, wanasukumana kwenye madimbwi. Kila mmoja alikuwa Simoni. Wanaenda kula, niliwaza, wote hawa wanaenda kula. Nikaficha uso mgongoni kwa Uthmani.

"Omba Mungu," akasema bila kugeuka. "We wako, mi wangu. Ni mumoja."

Nilijaribu. Nilichoweza kusema ni "awe amechelewa kuwasha moto", tena na tena.

Tuliingia Gasorwe saa nane. Sehemu ya Nassoro naijua kwa picha alizotutumia Imelda siku ya kujiandikisha: kibanda cha mbao cha bluu chenye paneli ya jua juu ya bati. Kilikuwa kimefungwa kwa kufuli. Mchana kweupe, siku ya kazi, kufuli. Mama mmoja aliyeuza nyanya pembeni yake akatuambia Nassoro amepanda kilimani kwa Mama Simoni.

"Na watu wengine wakamufuata," akaongeza. "Batu wengi."

"Kuna nini huko?"

"Mi sijui. Walienda mbio."

Pikipiki haikuweza kupanda kwa utelezi. Tukaiacha kwake na kuanza kupanda kwa miguu. Uthmani alipumua kwa shida, akanipungia mkono nitangulie. Nilikimbia, nikaanguka, nikainuka na matope hadi kifuani, nikakimbia. Nilijua maana ya watu wengi kwenda mbio kwenye nyumba ya mtu mmoja. Kila mtu anaijua.

Nyumba yenyewe ilikuwa ya matofali mabichi, bati jipya, migomba nyuma. Uani walikuwa wamekaa watu saba au wanane, chini, mgongo ukutani, hawasemi. Mwanamume mmoja alikuwa ameinamisha kichwa juu ya kiroba alichokikumbatia mapajani. Hivyo ndivyo watu wanavyokaa kwenye msiba, nami nikasimama pale pale.

Kisha nikawaona watoto. Mvulana na msichana, katikati ya ua, wanaruka kamba. Anahesabu yule mkubwa, mdogo anaruka, anakosea, wanacheka, wanaanza upya. Mtu mwingine angefurahi. Mimi nilikuwa nimesoma ukurasa wa mia moja na nane. Anashiba, anacheza, analala vizuri. Sufuria ilikuwa kando ya mlango, imegeuzwa chini juu, imeoshwa.

Nilipiga kelele. Sijui nilisema nini. Nilimshika yule msichana, nikamfungua mdomo kama ninayetafuta kitu ndani, naye akaanza kulia kwa hofu ya kuguswa na mtu mwenye matope. Mwanamke akatoka mlangoni mbio, mrefu, mwembamba, kitambaa kichwani, akamnyakua mtoto wake.

"We ni nani?"

"Wamekula? Imelda, wamekula?"

Alinitambua kwa sauti. Miezi tisa tulikuwa tumesikizana kwenye simu tu. Akamweka mtoto chini, akanishika mabega.

"Dada Lucia? Wamekula mboga ya lengalenga na ugali. Uyoga uko kule." Akaonyesha juu ya paa. Ungo ulikuwa pale, umewekewa jiwe, uyoga wote ndani yake. Hakuna hata mmoja uliopungua.

Nililia mbele za watu, na sikujali. Kumbe yule mwenye kiroba alikuwa Nassoro. Amefunga kibanda, amezitia telefoni zote ishirini na tatu kwenye kiroba na kupanda nazo mlima, na wenye simu waliokuwa wakisubiri chaji, walipomwona anakimbia na mali zao, wakamkimbiza hadi juu. Sasa walikuwa wamechoka, wanasubiri utelezi upungue warudi naye.

"Mi niliziacha?" akaniuliza kwa uchungu, akipapasa kiroba. "We ulinitukana bure, madamu. Mi sikuziacha, na mi nilikuja."

Nikamwomba msamaha. Uthmani akafika, akaona watoto wanaruka kamba, akaona ungo juu ya paa, akasema "Alhamdulillahi," akaketi pale pale kwenye matope.

Imelda alitupa vigoda, akaleta maji ya kunawa. Alikuwa anatabasamu, na alikuwa na hamu ya kusimulia.

"Nassoro alipofika anahema, anasema usile, usile, nilimwambia mimi mbona sikuugusa. Ule ujumbe wa asubuhi niliusoma mara mbili. Nikajiambia, huyu si Lucia. Lucia hawezi kunijibu bila ukurasa, hata siku moja. Tena na vicheko! Kuna mtu ameiba simu ya maktaba, anacheza na watu. Sikujibu, nikaweka uyoga juu ya paa kusubiri wewe mwenyewe unijibu." Akanishika mkono. "Umempata huyo mwizi?"

"Wezi wa namba iko wengi," Nassoro akasema. "Hata hapa sokoni, mwezi jana, bon, walichukua namba ya mutu mmoja wakaomba watu pesa. Ni wao."

"Mungu atawalipa," akasema mmoja wa wenye simu.

Wote walinitazama, wakingoja niseme jinsi mwizi alivyopatikana. Uthmani hakunitazama. Alikuwa anasafisha miwani yake kwa upindo wa shati, taratibu, na nilijua kwamba hatasema neno, si leo wala siku nyingine. Ujumbe ulikuwa umefutwa. Mwizi alikuwa ameshapatikana bila mimi kumtafuta, ameshahukumiwa. Ningetikisa kichwa tu, na Imelda angeendelea kuniuliza maswali hadi tuzeeke. Hofu iliyonishika pale ilikuwa nyingine kabisa na ile ya njiani, lakini haikuwa ndogo. Nilimwogopa huyu mwanamke aliyekuwa ameshika mkono wangu.

Nikaangalia watoto wake wakiruka kamba. Walikuwa hai kwa sababu mama yao aliamini kwamba mimi siwezi kufanya nilichokifanya.

"Hakuna mwizi," nikasema. "Ni mimi niliyeandika. Nilikumbuka kwetu kambini, nikaandika bila kufungua kitabu. Na nilipojua ni sumu, nikaufuta ule ujumbe watu wasione."

Imelda aliuachia mkono wangu. Aliinuka, akapanda juu ya kigoda, akauteremsha ungo, akapita mbele yetu nao hadi chooni nyuma ya migomba. Tulisikia anakung'uta. Kisha tukasikia maji, muda mrefu, ananawa mikono, anauosha ungo, ananawa tena.

Aliporudi hakuketi. Alifuta mikono kwenye kitenge chake, kidole kimoja kimoja, akaninyooshea mkono wa kulia.

"Ukurasa wa ngapi?"

"Mia moja na nane," nikasema.

Nikatoa kitabu cha kijani mkobani, kona zake zimelowa, nikampa. Alikifunua mwenyewe, hakutaka nimsaidie. Kifaransa hakijui, alifuata namba tu, mia moja na tano, mia moja na sita, midomo ikitembea, na hakuinua macho kunitazama mpaka alipoufikia na kuweka kidole.